Mitungi ya Papa, Boti ya Noko

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kuniuliza mitungi ya papa, baba yetu, ifanyiweje. Bado imesimama nyuma ya mlango wa nyumba ya familia kule Mangobo, ule wa buluu wa oksijeni na ule wa kahawia wa asetilini, na mke wake amechoka kuizunguka na ndoo ya maji kila asubuhi. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "tubiweke ao tubiuzishe?" Nikamwambia afanye apendavyo, nikakata simu. Nilibaki nimeketi jikoni hadi pondu, kisamvu chetu, ikaungua, maana pua yangu ilikuwa imeanza kusikia harufu ya carbure, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuleta carbure.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Kisangani, harufu hiyo mnaijua. Carbure ni mawe ya kijivu yanayokuja katika mapipa ya bati yaliyozibwa. Ukiyatia maji yanachemka bila moto na kutoa gesi, na gesi hiyo inanuka kitunguu saumu kilichosahaulika kwenye kapu lililoloa. Mama za sokoni walikuwa wanaomba vipande vyake, wanavifunga kwenye karatasi na kuvificha katikati ya ndizi mbichi ili ziive upesi. Wengi waliijua kwa njia hiyo tu. Mimi niliijua kwenye shati la papa, kwenye shuka, kwenye begi langu la shule, na wasichana wa darasani walikuwa wananiachia benchi zima nikae peke yangu kama mke wa gavana.

Papa alikuwa mkataji wa chuma. Ukimwita mchomeleaji alikasirika. Kuunganisha, alisema, ni kazi ya kila mtu siku umeme upo. Kukata ni kazi ya mtu mwenye gesi. Karakana yake ilikuwa ufukoni, chini kidogo ya soko, mabati manne juu ya nguzo za miti, pale ambapo boti zilivutwa nchi kavu ili zitengenezwe. Kulikuwa na pipa la gesi, ambamo carbure ilikutana na maji. Kutoka hapo mpira mwekundu ulikwenda hadi kwenye chalumeau, lile bomba la shaba lenye mdomo wa moto, na mpira wa pili, wa buluu, ulitoka kwenye mtungi wa oksijeni. Alinifundisha mapema, kama watoto wengine wanavyofundishwa sala: asetilini inapasha, oksijeni ndiyo inakata. Kwanza moto wa asetilini unakilamba chuma mpaka kinakuwa chekundu. Kisha anabonyeza mkono wa chalumeau, oksijeni inatoka kwa nguvu, na chuma chenyewe kinaungua na kumwagika upande wa pili kwa cheche. Nilisimama nyuma yake nikitazama cheche hizo kupitia kipande cha kioo cheusi alichonipa, na hakuna mchezo wa watoto ulionivuta kuliko huo.

Mtungi wa oksijeni haukuwa wetu. Ulikuja kwa boti kutoka Kinshasa, majuma na majuma mtoni, na mwenyewe alikuwa anamkodishia papa. Nilipoambiwa kwamba ndani yake mna hewa tu, ile ile tunayovuta, niliamua kwamba hewa ya Kinshasa ni kali kuliko yetu, ndiyo maana inakata chuma, nikawaonea huruma watoto wa kule wanaoivuta kila siku. Sikumwambia mtu. Kuna mengi niliyoyaamua peke yangu utotoni bila kumwuliza mtu, na hilo la hewa angalau halikumdhuru yeyote.

Carbure ikiisha nguvu linabaki tope jeupe, zito kama uji. Watu wa mtaa walikuja na ndoo kulichota, wakapaka nyumba zao kabla ya Noeli. Papa alilikausha juani, akalisaga, akaupaka unga wake kwenye uzi wa nyavu. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba yake ya kuchorea. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, kamba inavutwa mpaka inakaza, halafu anainua katikati kwa vidole viwili na kuiachia. Tap! Mstari mweupe ulionyooka unabaki kwenye chuma. Kushika ncha ya pili ilikuwa kazi yangu nikitoka shule. Niliipenda kwa sababu ndiyo mara pekee papa alinitazama machoni kwa muda, akingoja mkono wangu utulie.

Sitaki kumsingizia. Pipa la carbure lina hatari kubwa. Lilikuwa limemlipukia kabla sijaanza shule, likamchukua nyusi zote mbili, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Nyusi hazikuota sawasawa, kwa hiyo wageni walidhani ni mtu anayeshangaa kila wakati. Alikuwa amekuja Kisangani kijana kutoka Maniema, bila ndugu, na katika maisha yake alitamani kitu kimoja: mitungi yake mwenyewe, miwili, oksijeni na asetilini ya kiwandani, aachane na lile pipa na aache kumpigia magoti mwenye kukodisha. Aliizungumzia mezani jinsi wanaume wengine walivyozungumzia pikipiki. Mama alimsikiliza na kumwongezea chakula.

Mama alikuwa mtu wa mto, wa Yanonge. Kaka yake, noko wangu, alikuwa na boti ya chuma yenye mota nyuma, iliyopanda na kushuka kati ya Isangi, Yanonge na Kisangani ikibeba mihogo, mkaa, samaki wakavu, mbuzi na watu. Mbele iliandikwa kwa rangi nyekundu MAMA VERONIKA, jina la marehemu mama yao. Na mimi ndiye Veronika pia. Kwetu ukibeba jina la mtu wewe ni ndoyi wake, na heshima yake inakuangukia hata kama bado unang'oka meno. Noko, mwanaume mzima mwenye ndevu, alikuwa ananiita mama. Alinisalimia kwa mikono miwili, na samaki akiletwa, kichwa kilikuwa changu kabla yeye hajagusa sahani. Alikuwa ananiinua na kunisimamisha mbele kabisa ya boti yake.

"Mama, huyu ni ndoyi yako," aliniambia. "Yeye iko chuma, wewe uko mutu, jina moja."

Niliamini kwamba boti ikiumwa, na mimi nitaumwa. Siku ilipogonga mwamba na kutobolewa ubavuni nilijishika tumbo asubuhi yote nikingoja maumivu. Aliyeumia ni noko. Wakati wanaivuta nchi kavu mbele ya karakana ya papa, boti iliteleza ikambana mguu, ukavunjika chini ya goti. Alitaka kwenda kwa mtu wa kuunga mifupa kwao Yanonge, wakamlaza ndani ya mtumbwi wa mota. Kabla hawajaondoka alimshika papa mkono.

"Beau," alisema, ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "nakuachilia mama yangu. Utengeneze polepole. Mimi niko naenda kulala na hii muguu."

"Lala bila mawazo, beau," papa akajibu. "Utakuta iko tayari."

Mama hakuwepo. Alikuwa ameenda Banalia kununua mchele, na safari yake ya Banalia ilikuwa na kawaida ya kula mwezi mzima na zaidi. Nyumbani tulikuwa papa, mimi, na shangazi mmoja wa jirani aliyetupikia.

Papa alianza vizuri, hilo nalo nitalisema. Kiraka cha boti hakikatwi ovyo. Unachora dirisha kuzunguka sehemu iliyooza, lakini kona zake zinakuwa za mviringo, kwa sababu kona kali huanza kupasuka mawimbi yakiipiga boti. Papa alitumia kifuniko cha sufuria ndogo ya mama kuzichora, na mimi ndiye niliyekishika. Alikata madirisha mawili hivyo, akang'oa chuma kibovu, na kabla hajaweka kipya mtungi wa oksijeni ukaisha. Mwenyewe akaja kuuchukua, akasema mwingine uko njiani kutoka Kinshasa. Papa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa siku nyingi, akitazama boti ya noko yenye madirisha mawili ubavuni. Kila boti iliyotokea upande wa chini alikuwa anasimama. Hakuna iliyokuwa na mtungi.

Badala yake akaja mtu wa mitraille, ndivyo tunavyoita vyuma vikuukuu. Alikuwa ananunua vyuma mji mzima, na alivaa viatu vyeupe ufukoni, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Aliizunguka boti ya noko akiigonga na ufunguo wake hapa na pale, akisikiliza. Kesho yake mkokoteni ulileta mitungi miwili yenye rangi mpya, wa buluu na wa kahawia. Yule mtu akaongea na papa upande wa lile sikio lake linalosikia. Mimi nilisikia maneno ya mwisho tu, kuhusu mitungi, mgeni akiwa tayari anaondoka:

"Ukimaliza yote, bouteilles zitabakia kwako. Wewe mwenyewe."

Nilifurahi hadi nikaruka. Nilielewa kwamba mtu mwema amemsaidia papa amalize boti ya noko, na zaidi ya hapo amempa zawadi. Papa hakuruka. Alipitisha kiganja chake juu ya mtungi wa asetilini, kutoka kichwani hadi chini, kisha akaenda kulilaza pipa la carbure ubavu na kulipiga teke likabingirika hadi majini.

"Vero, kuya ushike kamba."

Nilikwenda na kifuniko cha sufuria pia. Akakiona, akakichukua, akakiweka chini. Tukavuta kamba kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa, upande hadi upande. Tap! Tukasogea hatua moja. Tap! Tukasogea tena. Ndoyi wangu alijaa mistari myeupe kama ukurasa wa daftari.

"Papa, na kona ya mviringo?"

"Hii kazi iko kubwa. Haina lazima ya kona."

"Utaondoa chuma yote ya zamani?"

Alikuwa anakunja kamba. Alichukua muda kuikunja. "Ndiyo. Itakuwa mupya yote."

Basi nikaridhika. Nani asingeridhika? Nilikuwa nimemwona papa akikata maelfu ya mara, na kila mara alipokata mbele yangu ilikuwa ni kutengeneza. Mtu anakata kilichooza halafu anaunganisha kizuri. Ndivyo nilivyoijua kazi yenyewe. Nilimpigia makofi mkato wa kwanza ulipofika chini, na kipande kizima cha ubavu wa boti kikaanguka kwenye tope. Papa aliniambia niende nyumbani nikaoshe vyombo.

Siku mbili baadaye likizo ikaanza, na papa akasema niende Yanonge kumsalimia noko. Sikuwahi kusafiri bila mama. Alinitafutia nafasi kwenye mtumbwi na mama mmoja muuza chumvi, akaninunulia mkate na kunikabidhi sukari ya noko. Mtandao wa simu ulikuwa haujafika Yanonge. Habari zilikwenda kwa midomo ya watu. Alichuchumaa mbele yangu pale ufukoni, akanitazama machoni bila kamba yoyote.

"Umwambie noko kazi inaendelea muzuri. Nilipata oxygène. Asiamuke haraka, muguu ipone kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Sema."

Nikasema yote, neno kwa neno. Akanipapasa kichwa.

Nilimkuta noko amelala nje chini ya ukumbi wa majani, mguu umefungwa vijiti. Aliponiona alijaribu kuketi, akanipa mikono miwili. Mtu wake wa mota, yule aliyeongoza boti nyuma miaka yote, alikuwa ameketi karibu naye akishona wavu.

"Mama, ndoyi yako anaendelea namna gani?"

"Muzuri, noko! Papa alipata oxygène mupya. Iko anakata. Mimi nilishika kamba."

"Anakata fasi gani?"

Nikasimama nikaonyesha kwa mikono, kama mtoto anayejibu swali darasani: mstari kutoka juu hadi chini, mwingine, mwingine, mpaka mwisho. Mtu wa mota aliacha kushona.

"Patron," alisema. "Mustari inapita boti yote? Juu mpaka chini? Hii si kutengeneza, te. Hii ni kuchinja."

"Papa yangu anajua kazi!" nikamfokea. Nilikuwa na hasira kweli, machozi yalinitoka. "Alisema itakuwa mupya yote! Wewe haukuwa pale!"

"Nyamaza," noko alimwambia mtu wake. Hakupandisha sauti. "Mama yangu mwenyewe alishika kamba. Anaweza kunidanganya?" Kisha akaagiza samaki, na nilipewa kichwa.

Nimeirudia siku hiyo mara nyingi kuliko siku ya ndoa yangu. Pale pale, mtu mmoja aliyejua chuma alikuwa ameshaelewa. Mtumbwi ulikuwepo, mota ilikuwepo. Wangembeba noko hata mgongoni wangefika Kisangani wakati nusu ya boti bado imesimama. Mimi ndiye niliyemnyamazisha yule mtu, kwa machozi na kwa jina la marehemu. Na papa alijua ingekuwa hivyo. Mtu mzima angetetereka, angeulizwa maswali mawili na kujikanyaga. Mimi sikuwa na cha kuficha. Ndiyo maana nilichaguliwa, na ndiyo maana hadi leo sijui kumlilia papa bila kusaga meno.

Niliporudi ufuko ulikuwa mtupu. Palikuwa na tope jeusi, mafuta, na mavi ya chuma, yale matone yaliyoganda, yaliyonichoma nyayo. Papa alisema boti iko kwa yule patron wa viatu vyeupe, mahali pa kumalizia. Nikakubali na hilo pia. Nilisikitika tu kwamba sikuiaga. Chini ya bati la karakana mitungi miwili ilikuwa imesimama juu ya bamba la chuma ili isizame kwenye tope, na papa alikuwa ameifunga mnyororo na kufuli.

Noko alikuja mwenyewe mara mguu ulipokubali kukanyaga, na fimbo mkononi. Nilikuwa karakanani nimemletea papa chakula. Aliangalia pale boti yake ilipokuwa, akaangalia mtoni, labda imeshushwa majini. Kisha macho yake yakaja kwenye mitungi, yakashuka hadi kwenye bamba lililo chini yake. Aliinama kwa shida akafuta tope kwa kiganja. Rangi nyekundu. NIKA. Ukingo wa upande wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa mstari ulionyooka sana.

Papa alianza kusema upesi. "Beau, ilikuwa imeoza, ingekuua na batu, beau, nisikilize, chuma ilikuwa karatasi..."

Noko hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ulinielezea nini kule Yanonge?"

"Nilisema papa anakata," nikajibu.

"Ndiyo," alisema. "Ulisema."

Aliondoka akichechemea. Nilimkimbilia nikimwita noko, noko, na akageuka akaniambia, "Rudi kwa papa yako, Vero." Ilikuwa mara ya kwanza aniite jina langu. Hakuniita mama tena.

Mama alirudi kutoka Banalia juma lile lile. Alisikia habari sokoni kabla hajafika nyumbani, akapita moja kwa moja ufukoni na magunia yake yakiwa bado kwenye baiskeli ya toleka, ile ya kukodi. Hakupiga kelele. Alichukua panga akaikata mipira yote miwili, mwekundu na wa buluu, vipande vipande vya urefu wa kidole, papa akimwangalia. Halafu alirudi nyumbani akapika, akampakulia papa, akaketi mbali naye. Papa alipata mipira mingine. Mama alibaki na kuzaa mdogo wangu, lakini jina la kaka yake halikutamkwa mezani kwetu, na papa alipozungumza kuhusu kazi hakuna aliyemwongezea chakula.

Mitungi ile ilitusomesha. Ni lazima niseme, ingawa inanichoma kusema. Kwa sababu yake papa alikata vyuma vya mji mzima, hakuungua tena, na mimi nimekuwa mwalimu. Noko hakupata boti nyingine. Alifanya kazi kwenye boti za watu, akibeba magunia ambayo zamani aliagiza yabebwe, na mguu ule. Nilimwona bandarini mara kadhaa nikiwa msichana mkubwa. Aliitikia salamu yangu kwa kichwa na kuendelea na mzigo.

Papa alianza kufa mwaka jana, taratibu, kifua. Akiwa hawezi tena kuketi aliniita. Alikuwa ameshamwomba mama apeleke neno Yanonge, na mama akamjibu mbele yetu sote, "Ulitumaka mutoto. Tuma tena mutoto." Siku hizi mtandao umefika kule, nikamwambia ampigie.

"Neno kama hii hatuitume na téléphone," alisema. "Uende wewe, Vero. Umwambie noko anisamehe. Wewe atakuamini."

Sijui kama aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mimi niliyasikia, na hasira iliyonipanda ilikuwa ya msichana wa miaka tisa. Hakusema nimwombe noko radhi kwa ajili yangu mwenyewe pia. Hakusema hata kwamba alinitumia. Alitaka mdomo wangu, basi, kwa mara ya pili. Nikamwambia nitaenda.

Sikwenda. Nilivuka mto nikalala siku mbili kwa rafiki yangu wa mtaa wa Lubunga, nikala, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi. Siku ya tatu nikarudi, nikaketi kando ya kitanda upande wa sikio linalosikia.

"Noko anasema imeisha," nikamwambia. "Anasema amekusamehe."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, papa."

Alilia, akaomba uji, akamaliza kikombe kizima ambacho hakuwa amemaliza kwa majuma. Alikufa baada ya siku nne, na kila aliyekuja kumtazama alimsimulia kwamba shemeji yake wa Yanonge amemsamehe.

Noko alikuja matangani siku ya pili, mzee kabisa, na fimbo. Watu walimpisha. Wanaume wa karakana za ufukoni walimkumbatia, mmoja baada ya mwingine, wakamshukuru kwa moyo wake, wakamwambia papa ameondoka na furaha kwa sababu yake. Aliwasikiliza wote. Hakumkanusha hata mmoja. Kisha akanitafuta, akanikuta nyuma ya nyumba nilikokuwa nikiosha sahani, akasimama akiwa ameegemea fimbo yake.

"Batu beko nanishukuru," alisema. "Nilisamehe siku gani, Vero?"

Maji ya sahani yalikuwa yananichuruzika hadi kwenye viwiko.

"Myaka hii yote nilikuwa nangojea atume mutu. Hata mutoto. Nilikuwa tayari, ningekuya na muguu yangu hii. Alors, mimi, nani aliniuliza?"

Kisha akageuka, akapita katikati ya waombolezaji, akashika njia ya mtoni kabla chakula hakijapakuliwa.